Bi Khole, Tambuu na Maziwa ya Watu

Katika watu wetu wa Unguja waliohamia Maskati, posa haipokelewi hivi hivi. Baba huuliza nasaba, mama huuliza tabia, na yote mawili yakishajibika, mtu mmoja hutumwa Wadi Kabir, kwenye nyumba ya mwisho chini ya jabali, akamuulize Bi Khole binti Hamoud habari za maziwa. Maana walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani, na kwa wanavyuoni wa kwao hata mnyonyo mmoja watosha. Nasaba imeandikwa vitabuni na tabia imo midomoni mwa majirani, lakini nani alimnyonyesha mtoto wa nani siku mama mtu alipokuwa na homa, hilo lilikuwa kichwani mwa Bi Khole peke yake.

Alikuwa mkunga tangu kwao. Alipofika Maskati mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mji wenyewe bado haujajengeka, aliendelea kuzalisha wanawake wa Kizanzibari majumbani, na kila mtoto aliyempokea alijua kanyonya wapi. Ukimuuliza, hakujibu papo. Alivuta kijaluba chake cha fedha, akachagua jani la tambuu, akalipaka chokaa, akatia popoo na katu, na mwisho, kwa ncha za vidole viwili, tumbaku. Akakunja, akasokomeza shavuni, akafumba macho. Nyumba nzima ilinyamaza, hata watoto. Mate yakishakuwa mekundu ndipo aliposema "Lipo" au "Hakuna," na likiwapo alikutajia mwaka, chumba na kanga aliyojifunga mama.

Mwezi mmoja tu ndio desturi hiyo ilikatika. Ramadhani mchana hakuna tambuu, na watu wetu kwa pupa yao ya harusi za baada ya Idi, Ramadhani ndipo hasa wanapopenda kuuliza. Hapo Bi Khole alijibu kavukavu, uso kaukunja, neno moja na mgeni auone mlango. Hata binti yake Mahbuba alipoposwa na Saeed, mtoto wa jirani yao wa Unguja ambaye nyumba zao zilikuwa ukuta mmoja, swali liliulizwa alasiri ya Ramadhani na likajibiwa mwulizaji hata hajakaa: "Hakuna." Watu walicheka sana. Walisema mama kachoka kuweka mwari ndani.

Hayo yalikuwa zamani. Mwaka elfu mbili na moja Bi Khole alikuwa na miaka sitini na nne, anakaa na Mahbuba na Saeed na watoto wao watano, wa mwisho Yazan, wa miezi sita. Jino likamuuma. Daktari wa meno alimfungua kinywa, akaacha jino, akakodolea shavu. Alimwambia Mahbuba kuna doa jeupe ndani, si baya bado, lakini uraibu ule uishe leo. Mahbuba ni mtu wa ofisi, anafanya kazi wizarani, akiambiwa leo kwake ni leo. Alifika nyumbani, akamwaga tumbaku chooni, akafungia kijaluba kabatini na ufunguo akautia mkobani.

Bi Khole hakubisha. Angebishaje? Tangu lini mtu mzima mwenye heshima zake akalilia jani? Mlevi hulilia pombe na mvuta sigara hulilia sigara, na yeye hakuwa mmoja wao. Tambuu ilikuwa kitu cha kukaribishia wageni, kama kahawa na halua. Alisema tu, "Haya, mwanangu," akaenda kusali.

Siku ya kwanza alimgombeza kila mtu. Siku ya pili hakulala. Siku ya tatu aliweka maziwa ya Yazan jikoni, akatoka kuchukua kijiko, akajikuta yuko uani na hajui alichofuata, mpaka harufu ya kuungua ikamwita. Adhuhuri alisali akasahau kama ni rakaa ya tatu au ya nne. Alianza upya, akasahau tena. Alikaa juu ya msala na mikono mapajani.

Alijua anachokiogopa, nacho kilikuwa na jina. Mama yake, Bi Zuwena, aliishia Unguja akimuuliza binti yake mwenyewe, kila asubuhi, kwa adabu kabisa, "Wewe mwanangu ni mtoto wa nani?" Naye Khole alimjibu kila asubuhi, na kila asubuhi mama alisema, "Ahaa, basi nisalimie mama yako." Miaka mitatu. Na yalianza hivi hivi, kwa sufuria kuungua.

Hakumwambia mtu. Alijificha nyuma ya hasira, na kwa kuwa hasira zake zilikuwa maarufu, hakuna aliyeshangaa.

Siku ya sita akaja Shariffa. Shariffa ni mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe, aliyekaa jirani na Bi Khole miaka ile ya mwanzo. Alikuja na sahani ya vitumbua na uso unaong'aa.

"Bi Khole, masalkheri. Nimekuletea habari njema. Azzam wangu kapata mchumba. Balqees, mtoto wa marehemu Shaikha!"

"Mashaallah," akasema Bi Khole. "Mtoto mzuri yule."

"Mzuri, tena ana dini. Baba yake karidhia, babu yake karidhia. Limebaki lako tu." Shariffa akasogea. "Unajua mie nilipomzaa Azzam nilimwaga damu, nikachukuliwa hospitali siku nne, sijui mbingu wala ardhi. Mtoto nilikuachia wewe. Na Shaikha alikuwa mlango wa pili, ana kichanga chake. Sasa, Bi Khole wangu, Azzam zile siku nne alikula nini? Alipewa maziwa ya kopo, au alipelekwa kwa Shaikha?"

Hilo ndilo lililokuwa swali. Shaikha alikwisha kufa, Shariffa alikuwa hajitambui, na duniani alibaki mtu mmoja wa kulijibu. Mkono wa Bi Khole ukaenda wenyewe ubavuni pake, mahali pa kijaluba, ukapapasa mkeka. Alifumba macho kama ilivyo ada. Akangoja.

Hakikuja kitu. Aliiona nyumba ile, aliuona mlango, akaingia ndani, na ndani kulikuwa na ukungu. Mtoto hamwoni. Kopo halioni. Shaikha mwenyewe, aliyemwosha kwa mikono yake siku alipokufa, sura yake hakuipata. Jasho lilimtoka chini ya mtandio.

"Bi Khole?" akaita Shariffa.

"Nna kichwa leo," akasema. "Njoo Ijumaa ya wiki ijayo, inshaallah."

Shariffa aliondoka akiwa na wasiwasi, maana hakuna mtu aliyewahi kuambiwa na Bi Khole njoo Ijumaa.

Hofu ya Bi Khole sasa ikawa na sura mbili. Akisema hakuna na kumbe lipo, ataozesha kaka na dada, na watoto watakaozaliwa watakuwa juu ya shingo yake mpaka siku ya kiyama. Akisema lipo na kumbe hakuna, atawavunja watoto wawili wanaopendana kwa dhuluma. Na akisema sijui, basi mji mzima utajua kwamba Bi Khole ameanza safari ya mama yake.

Alivumilia siku tatu. Siku ya tisa, baada ya sala ya alasiri, Mahbuba hajarudi kazini, alivaa abaya akatoka kwa miguu. Nyuma ya magereji ya Wadi Kabir kuna vibanda vinavyouzia vibarua wa kigeni vocha za simu na biskuti, na kila mtu anajua kwamba chini ya meza mna tumbaku ya kutafuna kwa anayejua kuuliza. Bi Khole hakujua kuuliza. Alisimama mbele ya muuzaji, mwanamke mzima wa Kiomani, akaonyesha shavu lake kwa kidole. Yule kijana wa Kihindi alitazama kulia na kushoto, akampa kipakti kwa haraka kama anayetoa sadaka ya siri.

Aliporudi, alikata kona ya kwanza, akakata ya pili, na mbele yake palikuwa na gereji. Akageuka. Gereji. Magari yamenyanyuliwa, vyuma vinagongwa, matairi yamepangwa ukutani, na kila uchochoro ni ndugu wa mwenzake. Miaka ishirini na tisa alikuwa akipita hapa. Alijaribu kukumbuka rangi ya mlango wa nyumba yake, isije. Akajaribu jina la mume wa binti yake, anayelala naye chini ya paa moja na anayemnunulia samaki kila Alkhamisi, lisije. Fundi mmoja akamuuliza kwa Kiarabu, "Mama, unatafuta nani?" Naye hakuwa na jina la kumpa. Aliogopa, akashika rundo la matairi, na akilini mwake akasikia sauti ya mama yake, ya adabu kabisa, ikiuliza, wewe mwanangu ni mtoto wa nani.

Alichana kile kipakti kwa meno, akajitia tumbaku shavuni, kavu, bila jani wala chokaa, mbele za watu.

Dunia ilimzunguka kidogo. Kisha ikatulia. Aliinua macho akaona jabali, na chini ya jabali tangi la maji, na chini ya tangi mlango wa kijani. Saeed, akasema moyoni. Anaitwa Saeed, anafanya kazi ghalani, mtaa wa Ghala. Alianza kutembea, na alipokuwa akitembea nyumba ile ya zamani ikamfungukia: kopo la maziwa ya unga juu ya meza, kijiko chake cha plastiki, mkono wake mwenyewe unamimina maji ya moto. Kopo! Azzam alikula maziwa ya kopo. Hakuna kitu baina yao, wataoana. Alikaribia kulia kwa furaha.

Mlangoni alisimama Mahbuba na mkoba begani. Alitazama mdomo wa mama yake, akaona kahawia.

"Mama. Umetoka wapi?"

Bi Khole alitaka kumkaripia. Badala yake alilia, na alipoanza kulia yakatoka yote, sufuria, rakaa, Shariffa, magereji, jina la Saeed. "Nnapotea, Mahbuba," akasema. "Nnapotea kama mama yangu." Mahbuba alimshika mikono, akamwingiza ndani.

Asubuhi yake walikuwa kliniki. Daktari alikuwa msichana wa Kiomani anayeitwa Bashayer, na kwa bahati kwao wanasema Kiswahili. Alimpima presha, akamtoa damu, akamuuliza leo siku gani na mia ukitoa saba inabaki ngapi. Kisha akachukua karatasi.

"Bibi, unavuta sigara?"

"Audhubillahi! Mie?"

"Hujawahi? Buruma je, ile ya maji?"

"Hatuna mambo hayo nyumbani kwetu," akasema Mahbuba kwa ukali, na daktari akaandika kwamba havuti, na mambo yangeishia hapo. Lakini Bi Khole alicheka kidogo kwa uchovu, na Bashayer akayaona meno yake mekundu.

"Bibi, unakula tambuu?"

"Tambuu nnakula. Nilikuwa nikila. Wameninyima."

"Na tumbaku ndani?"

"Tambuu bila tumbaku ni majani, mwanangu. Mie mbuzi?"

Bashayer aliweka kalamu. "Tangu lini hujala?"

Mahbuba alihesabu kwa vidole. Siku kumi leo, ukiondoa jana.

"Bibi wangu mie naye anakula," akasema Bashayer. "Ukimuuliza kama anatumia tumbaku atakufukuza. Nisikilizeni. Sigara na tambuu mlango ni mbalimbali, lakini anayeingia ni yule yule, nikotini. Ubongo wako, bibi, umezoea kupigiwa hodi naye mara kumi kwa siku, miaka hamsini. Umejipanga kwa ajili yake. Sasa hodi imekatika ghafla, na ubongo umekaa unangoja. Kukosa usingizi, hasira, kusahau, kuanza jambo usilimalize, yote hayo ni kungoja huko. Uzee hauji na tarehe. Hili lako lina tarehe."

"Basi nirejeshe tumbaku nipone," akasema Bi Khole. "Jana nimetia kidogo tu, nimekumbuka jambo la miaka ishirini na tano."

"Hapana. Ile si akili kuongezeka, ni kiu kuondoka. Inakutuliza, unaona vizuri kilicho mbele, unadhani umeona chote. Na huku mwaka baada ya mwaka inachosha mishipa, damu inafika kichwani kwa taabu. Wanaoitumia umri mzima wamo hatarini zaidi kupoteza kumbukumbu uzeeni."

"Mama yangu alikula tambuu mpaka siku aliyokufa," akasema Bi Khole. "Mwishoni hakunijua. Tukimpa ili atulie."

Bashayer hakusema ndiyo wala la. Alisema tu kwamba mambo ya mtu ambaye hakumwona hawezi kuyahukumu, na kwamba siku hizi kumi za kwanza ndizo kali, wiki chache ukungu utapungua, na akivumilia ataijua akili yake ilivyo bila ya mtu wa kuishika mkono. Hakuahidi zaidi ya hapo.

"Lakini mbona Ramadhani mchana kutwa nilikuwa sili?" akauliza Bi Khole. "Mbona sikupotea?"

"Alasiri za Ramadhani ulikuwaje?"

Mahbuba aliangua kicheko, cha kwanza tangu jana. "Daktari, alasiri ya Ramadhani hatumsogelei! Chumvi anatia mara mbili. Mwaka mmoja alimwita Saeed kwa jina la paka."

"Basi ndiyo hiyo hiyo," akasema Bashayer, naye akacheka. "Ukungu mdogo wa saa chache."

Ijumaa Shariffa alikuja na vitumbua vingine. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Bi Khole: kopo, kijiko, maji ya moto. Lakini neno la daktari lilikuwa limemkaa kooni, unadhani umeona chote. Makopo mangapi alikoroga maishani? Ya watoto wangapi?

"Shariffa," akasema, "mzazi hupewa arobaini akae ndani apate nguvu. Nami nipe arobaini yangu."

Shariffa alilalamika, watu watasema nini, lakini alikubali, maana angefanyaje?

Zilikuwa siku mbaya. Mazoea yana taabu. Bi Khole alitafuna karafuu, akatafuna hiliki, akatafuna ncha ya mtandio. Asubuhi, kabla ya kufungua macho, alijisomea majina: Mahbuba, Saeed, wajukuu mmoja mmoja mpaka Yazan, na alipofika mwisho ndipo alipothubutu kuamka. Siku nyingine alikwama katikati, akalala hivyo hivyo macho kayafumba, anaogopa kuyafungua asije akawaona watu asiowajua. Lakini kwenye wiki ya tatu aligundua kwamba amesali siku nzima bila kupotewa na rakaa. Baadaye usingizi ukarudi.

Siku ya ishirini na saba alikuwa amempakata Yazan begani baada ya kumnywesha chupa, na Yazan akatapika, maziwa ya kopo, yote, mgongoni mwa bibi yake. Harufu ile chachu ikampanda puani. Bi Khole akasimama pale pale.

Azzam alitapika. Alikoroga kopo, ndiyo, na mtoto akalitapika mara tatu, akalegea, utosi ukaanza kubonyea. Siku ya pili, jua kali, alimfunika kwa kanga ya rangi ya udongo, akavuka ua mpaka mlango wa pili. Shaikha alikuwa amekaa juu ya kitanda cha kamba, nywele kazifunga nusu, na sura yake sasa aliiona yote, hadi kovu la nyusi. Alisema, "Mlete, Bi Khole, yangu yanamwagika bure." Mtoto alinyonya mpaka jasho likamtoka puani, akalala na ziwa mdomoni. Alinyonya siku tatu.

Kopo lilikuwa kweli. Lilikuwa mwanzo wa habari, naye kule kwenye magereji alitaka kuufanya mwisho.

Alimwita Shariffa siku hiyo hiyo, akamweleza, akamtajia kanga na kitanda na kovu. Shariffa alilia, kisha akambusu mkono. "Umetuokoa, Bi Khole." Azzam hakuja kumwamkia mwezi mzima, na hakuna aliyemlaumu. Balqees alikuja. Alitaka kusikia tena habari za mama yake na nywele zilizofungwa nusu, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka.

Ndipo Mahbuba akanunua daftari. Alisema kichwa cha mtu si kabati, mambo haya yaandikwe Mungu akiwa bado ametupa nafasi. Kila jioni baada ya magharibi alikaa na kalamu, na Bi Khole, Yazan mapajani, alitaja jina kwa jina. Mengine yalikuja moja kwa moja, mengine aliyangoja siku mbili tatu bila haraka. Walijaza kurasa arobaini. Hofu ikaanza kumtoka Bi Khole, akanenepa, akarudia kugombeza watu kwa raha zake.

"Haya," akasema Mahbuba jioni moja, anacheka, "sasa tuandike na yetu. Mahbuba na Saeed, hakuna. Nimeshaandika."

"Futa," akasema Bi Khole.

Mahbuba aliinua kichwa.

"Saeed alizaliwa mwaka mmoja na kaka yako marehemu," akasema Bi Khole polepole, macho kayafumba. "Mama yake alikuwa akienda sokoni, akinipitishia mtoto dirishani. Nilikuwa na maziwa, Mahbuba. Mtoto alikuwa akilia." Mkono wake ulipapasa mkeka ubavuni. "Hapo sioni. Nipe muda."

"Muda gani tena, mama? Si uliulizwa? Si ulijibu?"

"Niliulizwa," akasema Bi Khole. "Alasiri. Ramadhani."

Nje gari la Saeed lilisimama, na watoto wanne wakakimbilia mlangoni kumpokea baba yao. Mahbuba, aliyecheka kule kliniki kuliko wote, aliweka kalamu chini na kumchukua Yazan mapajani mwa mama yake.